Nyumba ya Safarini na Bega la Mpagazi

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililowashughulisha wasafiri tangu kale, nalo ni hili: mtu atawezaje kwenda mbali na nyumba yake, na huku akaichukua nyumba pamoja naye? Konokono hufanya hivyo, lakini nyumba yake ni ndogo, na mwendo wake mwaujua. Mwanadamu hataki ufinyu wa konokono, wala hataki mwendo wake. Ataka nafasi ya kulala, ya kuweka sanduku lake na ya kujikinga na mvua. Tena ataka kwenda upesi. Mambo mawili haya hugombana siku zote. Ukiongeza nafasi umeongeza uzito, na ukipunguza uzito umejinyima nafasi.

Siku hizi, katika nchi za Ulaya na Marekani, watu wengi husafiri na tela lililofanywa nyumba, lenye kitanda, meza na jiko, likikokotwa na motokaa. Mtu anayetaka kununua tela la namna hiyo huuliza maswali mawili: Je, lakokoteka? Je, lakalika? Pengine mtadhani kuwa maswali hayo ni mapya. Sivyo. Yaliulizwa hapa hapa Unguja zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kabla motokaa haijawa, wakati misafara ya bara ilipokuwa ikitengenezwa katika Mji Mkongwe na kuvuka kwenda Bagamoyo na Saadani. Nasi tuna jambo la kujifunza katika majibu yaliyopatikana, kwa kuwa katika misafara ile hapakuwa na injini. Mkokotaji alikuwa mtu.

Kwanza tuangalie vipimo. Frasila moja ni kiasi cha ratli 35. Mzigo wa mpagazi ulikuwa baina ya ratli 60 na 70, yaani karibu frasila mbili, nao aliuchukua kichwani au begani mchana kutwa. Juu ya mzigo huo aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, chakula, na pengine bunduki. Hicho ndicho kipimo cha kwanza. Kipimo cha pili kilikuwa njia. Njia ya bara ilikuwa ya mguu tu, watu wakifuatana mmoja nyuma ya mwenziwe, na pande zote mbili nyasi, miiba na miti. Kitu chochote kilichozidi upana wa mabega ya mtu kilikwama.

Mwenye kutaka kuielewa njia hiyo, na apite katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Wahamali wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kujibanza mlangoni hata mwenziwe apite. Ndiyo sababu gari la hamali ni jembamba, lenye magurudumu mawili. Fundi angeweza kulifanya pana ili libebe zaidi, lakini lingefika kwenye pembe ya kwanza na kusimama hapo. Kuta za mji ndizo zilizomwambia fundi upana wa gari lake.

Sasa tuangalie nyumba za msafara. Katika msafara mmoja zilikuwako nyumba za namna mbili. Ya kwanza ni hema la mkubwa wa safari. Lilikuwa la turubai, lenye nguzo, kamba na vigingi, na ndani yake kitanda cha kukunja, kiti, meza na masanduku. Hema halikubebwa na mtu mmoja. Liligawanywa, turubai mzigo wake, nguzo mzigo wake, kitanda mzigo wake. Mtu mmoja alilala ndani, na wapagazi kadhaa walitembea kwa ajili ya usingizi wake. Mvua iliponyesha, turubai lilinywa maji, na asubuhi yake mpagazi alitwikwa mzigo mzito kuliko wa jana, wala hakuongezewa ujira kwa hayo maji.

Nyumba ya pili ilikuwa ya wapagazi wenyewe. Hiyo haikubebwa kabisa. Walipofika kituoni watu walijigawa makundi, kila kundi kambi yake na chungu chake. Wengine wakakata matawi na nyasi, wengine wakatafuta kuni na maji. Kabla ya giza vibanda vilikuwa vimesimama, na kesho yake viliachwa. Ukipima kwa wepesi wa safari, hapana nyumba iliyoishinda hiyo, kwa kuwa uzito wake njiani ni sifuri. Lakini ilikuwa na gharama yake. Mtu aliyekwisha kutembea tangu alfajiri akiwa na frasila mbili alitakiwa kujenga nyumba kila jioni, na mvua kubwa ya usiku ilimkuta amejifunika nyasi. Basi ufikiripo juu ya nyumba ya safari usiseme hii ni nyepesi na ile ni nzito, ukanyamaza. Uliza pia ni nani anayeubeba uzito, na ni nani anayelala pakavu.

Habari ya pili ni ya mashua. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley alifika Unguja akitaka kwenda kwenye maziwa makuu. Alikuwa ameagiza mashua kwa James Messenger, fundi wa Teddington karibu na London, naye aliiita Lady Alice. Ilikuwa ya mbao za mwerezi, urefu wake futi 40 na upana futi 6, nayo ilikatika vipande vitano, kila kipande futi 8, ili ichukuliwe na watu mpaka ziwani na kuungwa huko. Kwa mtazamo wa baharini ilikuwa mashua nzuri, yenye nafasi ya watu na vyakula vyao.

Lakini ilipofika Unguja ikapimwa. Vipande vinne vilikuwa na ratli 280 kila kimoja, na cha tano kilikuwa na ratli 310. Ratli 280 ni frasila nane. Tena upana wa futi 6 ulikuwa hauwezi kupita katika njia ya mtu mmoja mmoja. Ingehitajika kutuma kundi kubwa la watu mbele wafyeke miti maili baada ya maili. Fundi wa Teddington hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa amefikiri habari ya maji, na maji aliyajua. Njia na bega hakuviona.

Bahati ilikuwapo. Alipatikana Unguja seremala wa merikebu, Mwingereza mmoja kijana aitwaye Ferris, naye alivikata tena vile vipande na kuvitengeneza upya, hata vikawa vyembamba na vyepesi vya kutosha kuchukulika. Tarehe 17 Novemba 1874 msafara ukaondoka Bagamoyo, jumla yao watu 356, wengi wao wameandikwa hapa Unguja. Wachukuzi wa mashua walikuwa watu waliochaguliwa kwa nguvu zao, na ujira wao ulizidi wa wapagazi wengine.

Mashua ikafika Ziwa Viktoria, na mwezi wa Machi 1875 ikashushwa majini. Stanley na watu kumi na mmoja wakalizunguka ziwa zima kwa muda wa siku 57. Mwaka uliofuata ikazunguka Ziwa Tanganyika. Kisha ikabebwa mpaka mto Lualaba, ikateremka mto wa Kongo, na mshika usukani wake alikuwa Uledi, mtu wa Unguja, ambaye aliwaokoa wenziwe wengi wasife maji. Palipokuwa na maporomoko watu waliitoa majini na kuiburura juu ya mawe. Tarehe 31 Julai 1877, karibu na maporomoko ya Isangila, ikaachwa juu ya jabali. Watu walikuwa wamekonda kwa njaa, hawakuwa na nguvu tena ya kuichukua. Siku tisa baadaye walifika Boma, na tarehe 26 Novemba 1877 waliosalia waliiona tena Unguja. Wenzao wengi hawakurudi.

Sasa mtauliza: kwa nini watu hawakutumia magurudumu? Gurudumu hubeba uzito, na mnyama hukokota, na mtu hupumzika. Swali hili ni la haki, nalo lilijaribiwa.

Katika Afrika ya Kusini yalikuwako magari makubwa ya ng'ombe, ambayo kwa kweli yalikuwa nyumba. Gari lilikuwa refu, limefunikwa turubai, na nyuma yake pana kitanda cha kamba za ngozi. Mwenye gari alilala humo yeye na watu wa nyumbani mwake, na chini ya kitanda akaweka unga na masanduku. Lilikokotwa na ng'ombe kumi na wawili mpaka kumi na wanane. Kwa kukalika, hapana hema lililolifikia gari hilo.

Mwaka 1876 Roger Price wa chama cha London Missionary Society, aliyeyajua magari hayo tangu kusini, aliondoka Saadani na ng'ombe wachache, akaenda mpaka Mpwapwa na kurudi. Ng'ombe hawakufa. Akaona njia imepatikana. Mwaka 1877 Alexander Mackay wa chama cha Church Missionary Society akawaongoza watu kufyeka barabara kutoka Saadani hata Mpwapwa, kiasi cha maili 230, na mwaka huo huo watu wa chama cha Price wakaingia bara na magari yao na makundi ya ng'ombe.

Safari hii mambo yaligeuka. Ng'ombe walikonda na kuanguka njiani mmoja mmoja, na magari yakasimama msituni bila mkokotaji. Adui alikuwa mdudu mdogo, mbung'o. Zamani zile watu wa bara walijua kuwa mbung'o huua ng'ombe, lakini namna anavyoua haikujulikana mpaka miaka ya 1890, David Bruce alipoonyesha huko Zululand kwamba mbung'o hupitisha kijidudu katika damu ya mnyama. Safari moja ya bahati ilimdanganya Price. Wenziwe wakaendelea kwa miguu na wapagazi, na walipofika Ujiji mwaka 1878, mmoja wao, Thomson, akafa baada ya muda mfupi.

Sisi wa Unguja tusidhani kuwa mbung'o alikuwa adui wa bara tu. Alikuwako pia kisiwani kwetu, naye alidhuru mifugo ya wakulima kwa miaka mingi. Aliondolewa kwa ufundi wa kuzalisha madume wengi wasio na uzazi na kuwaachia porini kwa ndege. Mbung'o wa mwisho alionekana mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa kimesafika. Basi ukiona leo gari la ng'ombe likitoka shamba na nazi au kuni, kumbuka kuwa gari zuri halitoshi. Lazima mkokotaji wake aweze kuishi.

Ng'ombe waliposhindwa, gurudumu halikuachwa mara moja. Kapteni Edward Coode Hore, baharia wa chama kile kile cha London, aliletewa mashua ya chuma iitwayo Morning Star, imegawanywa vipande. Alivipakia juu ya magari madogo yaliyokokotwa na watu wenyewe, akaondoka Saadani mwaka 1882, na mapema mwaka 1883 vipande vikafika Ujiji. Magari yale yalikuwa membamba kama gari la hamali, na penye mto au jabali watu waliyainua kwa mikono. Hapa tunaona fundi aliyekwisha kujifunza: gurudumu lilisaidia pale tu ambapo lilikubali kuwa dogo.

Bwana huyo alikuwa na mke, Annie Hore, naye alitaka kumfuata mumewe ziwani pamoja na mtoto wao mdogo wa kiume. Mwaka 1884 akapelekwa katika kiti cha magurudumu, cha namna ambayo Waingereza huwasukuma wagonjwa wao bustanini. Bara ilikikataa. Njia haikuyataka magurudumu, na kiti kikawa kama machela, kikatundikwa kwenye nguzo na kuchukuliwa mzegamzega, watu wakipokezana kwa zamu. Mwezi wa Januari 1885 mama na mtoto wakafika Ujiji wazima, na mwaka 1886 Bibi Hore akatoa kitabu juu ya safari yake. Nafasi katika nyumba hiyo ya safari ilikuwa ya mtu mmoja aliyekaa na mtoto mapajani, nayo ilifika. Magari yale yenye vitanda hayakufika.

Baada ya haya yote, je, mafundi wa Ulaya walijifunza? Ndiyo, walijifunza. Mwaka 1887 Stanley alirudi Unguja, akaandika watu zaidi ya 600 na kwenda nao kwa meli hata Kongo kumtafuta Emin Pasha. Safari hii mashua yake ilikuwa ya chuma, jina lake Advance. Urefu wake futi 28 badala ya 40, na vipande 12, kila kimoja kiasi cha ratli 75. Linganisheni wenyewe: mwaka 1874 kipande ratli 280, mwaka 1887 ratli 75, zaidi kidogo ya frasila mbili. Fundi alikuwa amelipima bega kwanza, kisha ndipo alipokata chuma. Hata hivyo tusisahau kuwa mzigo uliopimwa vema haumponyi mtu na njaa wala maradhi. Katika watu wale wa Unguja waliokwenda, waliorudi hawakufika nusu.

Sasa tuvuke bahari kidogo. Mwaka ule ule wa 1885, Bibi Hore alipokuwa amefika Ujiji, huko Uingereza daktari mmoja mwandishi wa vitabu, Gordon Stables, alijengewa gari la kukaa kwa anasa, akaliita Wanderer. Lilikuwa na urefu wa kiasi cha futi 18, na uzito wa kiasi cha tani mbili pamoja na vitu vyake. Lilikokotwa na farasi wawili, na mtumishi alitangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuangalia njia. Kwa lugha ya Kiingereza magari ya namna hiyo yamekuja kuitwa kwa neno la Kiajemi lenye maana ya msafara. Jina la watu wanaotembea likawa jina la nyumba inayokokotwa.

Farasi walipoipisha motokaa, swali lilibaki lile lile. Katika Marekani, mwaka 1936, Wally Byam alianza kuuza tela lake la Airstream la bati la alumini, lililoviringishwa mfano wa mgongo wa samaki ili upepo uteleze juu yake. Watu wanne waliweza kulala ndani. Mengine hufanywa madogo sana, ya kulala watu wawili tu, na jiko hufunguliwa nyuma kwa nje. Hayo hukokotwa na motokaa ndogo bila taabu, lakini mvua ikinyesha hakuna wa kupika. Mengine yana kuta za turubai zinazokunjwa. Njiani ni mafupi, kituoni ni marefu, lakini mwenyewe atafanya kazi ya kuyafungua kila jioni, kama mpagazi na kibanda chake. Mengine ni marefu yenye vyumba, nayo yataka motokaa yenye nguvu nyingi na dereva mwenye subira.

Liko jambo moja ambalo hamali wa Unguja angeweza kumfundisha dereva wa tela. Ukipakia gari la magurudumu mawili na kulemeza nyuma, mikono ya gari huinuka na kukunyang'anya mwendo. Ukilemeza mno mbele, mikono hukukandamiza chini. Mzigo mzito hukaa juu ya ekseli, na sehemu kidogo tu huelemea mbele. Mafundi wa tela wa Marekani husema kuwa sehemu moja katika kumi ya uzito wote, au zaidi kidogo, iegemee kwenye ndoano ya motokaa. Ikipungua hapo, tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki na laweza kupindua motokaa yenyewe. Kipimo ni kile kile cha mikono ya hamali.

Zama za wapagazi zimekwisha. Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na reli ya Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914. Tena Vita Kuu ya kwanza iliwarudisha watu wengi sana chini ya mizigo, na jina la Kariakoo huko Dar es Salaam na Nairobi limebaki kutukumbusha wachukuzi hao wa jeshi.

Wazee wetu walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeketi London na kuchora mashua ya ratli 280 kwa kipande, kwake zilikuwa usufi. Aliyelala ndani ya hema lililonywa mvua, kwake lilikuwa usufi. Kila mara nyumba ya safari ilipopimwa kwa haja ya anayelala tu, ilivunjika au ilikwama njiani, na mara nyingine watu walikufa nayo. Ilipopimwa kwanza kwa anayebeba, awe mtu, ng'ombe au injini, ilifika.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, mtakapokuwa mafundi na kutakiwa kutengeneza gari, mashua au nyumba, anzeni kwa kumwendea yule atakayeikokota, mmuulize njia yake ina upana gani na nguvu zake ni kiasi gani. Kisha ndipo mtazame kitanda. Na kesho, mkikutana na gari la hamali katika kichochoro cha mji, msimngoje ajibanze yeye. Ingieni ninyi mlangoni, mumpishe njia.